Ndizi za Kuondolea Matanga

Mi sikutaka kwenda. Nalisema mwanzoni, mutu asije akanipamba baadaye eti Mwantum alikuwa na roho ya dhahabu. Apana. Mama Ingrid aliniomba mara tatu. Mara mbili nilimutajia magoti yangu, mara ya tatu nikaona kukataa nako kunachosha. Nikasema haya bwana, twende, kama ni kufa tufe na viatu miguuni.

Mama Ingrid ndiye Concilie. Meza yake na yangu ziligusana pale soko la Jabe, yeye na lengalenga na ndizi, mi na mandazi na chai ya tangawizi. Miaka minne tuligawana turubai moja la kivuli. Yeye Mukristo, rozari shingoni. Mi Mwislamu, nimezaliwa hapa mujini, na mama yangu alizaliwa hapa hapa. Milima ya juu ya Bujumbura nilikuwa naiona asubuhi nikifagia mulangoni, basi. Sikuwa na shida nayo, nayo haikuwa na shida na mi.

Yeye alitoka huko. Mwaka wa tisini na saba, wakati wa vita, siku kilima chao, yaani kijiji chao, kilipochomwa, mume wake Népomuscène aliwatanguliza yeye na watoto gizani, akasema, "Tangulieni, nafungua mbuzi nakuja." Hakuja. Mbuzi hawakuja, yeye hakuja, habari haikuja. Concilie akashuka na watoto hadi Gasenyi, kule mwisho wa muji upande wa kaskazini, akapanga chumba cha mabati, akaanza kuuza majani. Hiyo ndiyo historia yake yote. Ni fupi, lakini ilimukausha yule mama hadi shingo ikabaki mishipa.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinamutafuna. Warundi wana matanga mara mbili. Ya kwanza ni siku chache baada ya mazishi. Ya pili ni ya kuondoa kabisa, mwaka umepita au zaidi: ukoo unakusanyika, pombe ya ndizi, urwarwa, inaletwa, maneno ya marehemu yanasemwa, halafu yamekwisha. Mujane anapumua, shamba linagawanywa, binti anaweza kuolewa. Kabla ya hapo kila kitu katika ile nyumba kinasimama.

Na Concilie alikuwa hataki kuondoa. Shemeji yake Révérien, kaka mukubwa wa Népomuscène, fundi cherehani kule Kinama, alikuja kila mwezi kumusihi. "Shemeji, tumupumzishe mutu. Miaka minne sasa. Angekuwa hai tungesikia." Naye Concilie jibu lake lilikuwa lile lile: "Mi siondoi matanga ya mutu sijaonyeshwa alipolala."

Mi mwenyewe nilimusemesha. Nikamwambia, Atumani wangu alikufa kitandani, ugonjwa wa sukari, nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nikavua kaniki nikarudi sokoni. Na kama angepotea, masheikh wana hesabu yao, miaka ikitimia wanakupa ruhusa. Akanitazama kwa yale macho yake ya kuchoka.

"We uliona sanda, Mama Sumaya," akasema. Sumaya ni binti yangu. "Mi nimeona nini?"

Basi mwezi wa saba mwaka 2001 akakubali ghafla. Révérien hakuamini masikio yake. Sharti lilikuwa moja tu: pombe itoke kwenye migomba ya Népomuscène mwenyewe, si ya kununua. Sote tukasema ni heshima kwa marehemu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anatafuta sababu ya kupanda mulima.

Kule juu hakuendi mutu anavyotaka. Mwisho wa Gasenyi kulikuwa na pozisyo, kambi ndogo ya jeshi, na bariyeri, kizuizi cha muti wa mwanzi. Jumanne na Ijumaa, wanawake wenye mashamba walipita kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, majina yakiandikwa, na saa sita muchana wote wawe wamerudi. Wanaume apana. Baada ya saa sita wanajeshi wenyewe wanapanda kuwasaka waasi, na wanayemukuta huko hawamuulizi jina. Kwa hiyo ni safari ya nusu siku, ya kuzunguka. Unapanda kwa mugongo wa mulima katikati ya mashamba, unarudi kwa upande wa pili, musituni, maana njia ya mashamba ni kali na ukiwa na muzigo kichwani itakushusha kwa matako. Njia zote mbili zinakutana tena pale pale bariyeri.

Jumanne ya kwanza Concilie alikwenda na majirani wa Gasenyi. Akakata mikungu minne, akaivundika. Ni kazi rahisi kueleza: unachimba shimo, unatandika majani ya mugomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani mengine na udongo, na baada ya siku kadhaa zimeiva, tayari kukamuliwa. Zamani walipasha shimo moto kwanza ili ziive upesi, lakini siku zile nani mwenye akili angewasha moshi mulimani? Ijumaa alipanda tena kuangalia. Theluthi ya ndizi haikuwepo. Na shimo lilikuwa limefunikwa tena vizuri.

Alikuja sokoni moja kwa moja, vumbi hadi kwenye kope, akakaa juu ya ndoo yangu ya maji bila kuuliza.

"Mama Sumaya, Népo yuko hai."

"Nani kakuambia?"

"Shimo."

Nikafikiri jua limemupiga. Lakini akanieleza. Népomuscène alikuwa na mutindo wake. Akisha kufunika shimo, alichomeka katikati ya udongo bua la jani la mupapai, lile lenye tundu ndani, eti joto la ndizi lipate pa kupumulia. Kilima kizima walimucheka, wakisema Népo anazivutisha ndizi sigara. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, hata Révérien, kaka yake. Concilie mwenyewe Jumanne ile hakuchomeka kitu, na Ijumaa alikuta bua limesimama.

"Ni mwizi, mama," nikasema.

"Mwizi gani anafunika? Mwizi anakula, anaacha wazi, nzi wanaingia. Anayefunika ni mwenye mali."

Nilimuonea huruma na kumukasirikia kwa pamoja. Miaka minne nilikuwa nimemuzoea akiwa na huzuni; huzuni yake nilijua pa kuishika. Lakini sasa macho yalikuwa yanang'aa, na mi nilijua kwamba hayo macho yakija kuzimika, ni mi nitakayekaa naye pale mezani kila siku. Akaniomba niende naye Jumanne inayofuata, kubeba ndizi, na pia awe na mutu wa kushuhudia. Majirani hakutaka wajue. Mutu aliye hai musituni ni hatari kwa kila mutu, na kwake mwenyewe kwanza.

Ndiyo hivyo nikajikuta bariyeri saa kumi na mbili, kikapu mukononi, mandazi yangu ya njiani kwenye kitambaa. Mwanajeshi aliyekuwa zamu anaitwa Bonfils, sote tulimujua, alikuwa akinunua chai kwangu siku za likizo.

"Mama wa Kiswahili! We una shamba gani huko juu?"

"Nina shamba la magoti, mwanangu. Nakwenda kulipalilia."

Akacheka kidogo, mucheko wa mutu asiyelala. Akaandika. "Wawili mumepanda, wawili mushuke. Saa sita, mama. Si saa sita na dakika. Mi sitakuwa na la kufanya."

Tukapanda. Yaa Rabi, tulipanda. Wanaosema milima inapendeza ni wanaoitazama kutoka chini. Kila nikifika mahali nasema hapa ndipo kileleni, nakuta kingine kimekaa nyuma yake kinanisubiri. Concilie alikuwa mbele, miguu mitupu, anapanda kama mutu anayekwenda kisimani. Mi nilikuwa nahesabu hatua, nikifika hamsini nasimama, nasingizia kiatu.

Mashamba yalinitia uchovu mwingine, wa ndani. Mihogo ilikuwa imeota hadi ikawa miti, hakuna aliyeing'oa. Kahawa imekaukia kwenye matawi, nyeusi. Maharage yamejipandia yenyewe katikati ya njia. Kuna nyumba zilizobaki ukuta tu, na ua la minyaa linaendelea kukua kuzunguka kitu ambacho hakipo. Hakuna jogoo aliyewika njia nzima. Concilie akawa anataja wenye mashamba tukipita, hapa ni kwa fulani, hapa ni kwa mama fulani, taratibu tu, na mi sikumuuliza hata mumoja wako wapi.

Tulipumzika mara moja, juu ya jiwe. Nikageuka nyuma. Muji wote ulikuwa chini pale, mabati yanang'aa, halafu ziwa, halafu milima ya Kongo. Niliona hadi moshi wa majiko ya asubuhi. Kumbe mutu akikaa hapa anatuona sote tukianika nguo! Nikaelewa yale mabomu waasi waliyokuwa wanaturushia usiku yalikuwa yanajuaje njia. Nikasema tuondoke, sitaki kuketi hapa.

Saa nne kasoro tukafika kwenye migomba yake. Shimo lilikuwa pembeni, chini ya mupapai. Concilie akasimama hatua tatu kabla ya kulifikia, akanishika mukono. Bua lilikuwa limesimama katikati ya udongo. Si lile la Ijumaa. Lile la Ijumaa, kavu, lilikuwa limetupwa kando. Hili lilikuwa la kijani, na pale lilipokatwa maziwa ya mupapai yalikuwa bado yanadondoka.

"Hata nusu saa haijapita," Concilie akasema kwa sauti ndogo.

Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka linaniuma. Alifungua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso, akakunja kitambaa upya, akakifunga vizuri. Akakaza kitenge. Akapangusa vumbi miguuni kwa jani la mugomba. Muke wa miaka arobaini na tano, anajiandaa mume anakuja. Nilitazama pembeni, sikuweza.

"Népo!" akaita. "Népo, ni mi! Mama Ingrid! Toka!"

"Nyamaza we! Unataka watoke na wengine?"

"Népo!"

Hakuna kitu. Upepo kwenye majani tu. Akaita tena, akazunguka migomba yote, akarudi, akaita kuelekea bondeni. Mi nilifungua shimo, nikajaza vikapu viwili, maana nilikuwa nimepanda kwa kazi na kazi lazima ifanywe na mutu. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, harufu imepanda hadi puani. Nusu tu ilibaki. Nikamwambia saa ni nne na nusu, Mama Ingrid, tukiendelea kuita hapa tutaita hadi risasi. Akachukua kikapu chake.

Musitu wao si mukubwa. Umelala kwenye bonde nyuma ya mashamba, kijito katikati, na wazee wao walikataza kuukata tangu zamani, hata kuni hawaokoti humo. Ndiyo maana umebaki. Unaingia kutoka kwenye kiangazi cha nje, jua na vumbi, na mara moja ni baridi na unyevu, miti mikubwa imevaa majani ya kijani hadi kwenye shina, kamba za musituni zinaning'inia, juu huoni mbingu. Mi nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Concilie anatembea mbele, muzigo kichwani, na kila baada ya hatua chache anaita jina polepole, kama mutu anayemuamsha mwenzake bila kumushitua.

Nikasikia mutoto anakohoa.

Kikohozi cha mutoto hakifichiki. Mara moja tu, halafu kikabanwa, lakini mi nimelea, nilijua kimetoka wapi. Nikatua kikapu. Nyuma ya muvumu mukubwa, kati ya mizizi yake iliyosimama kama ukuta, alikuwa amechutama muke kijana, nguo moja mwilini, mutoto amefungwa mugongoni, na mukono wake umepita nyuma ya bega kumuziba mutoto mudomo. Karibu na goti lake kulikuwa na kichana cha ndizi mbivu.

Concilie alimutazama. Halafu akatazama nyuma yake, akatazama kushoto, kulia, juu ya njia. Alikuwa bado anamutafuta.

"Usinipige, mama," yule muke akasema. "Nimechukua kidogo. Na nimefunika."

"Nani alikufundisha kufunika hivyo?"

"Mwenye shamba."

"Na mwenye shamba yuko wapi?"

Yule muke akanitazama mi, kama anaomba nimusaidie. Ningemusaidia nini?

"Mvua zilizopita," akasema. "Ilikuwa homa. Siku nne tu. Sikuwa na dawa, mama, nilimupa majani, sikuwa na kitu kingine."

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Nililisema kwa sauti. Concilie hakulia. Alitua kikapu polepole, akauliza amezikwa wapi, kama mutu anayeuliza njia ya sokoni. Muke akaonyesha juu, ng'ambo ya kijito. Ni mbali? Saa moja ya kupanda. Nikatazama saa yangu, ilikuwa inakaribia saa tano. Concilie akanitazama naye akaelewa, akainamisha kichwa.

Miaka minne. Kama Concilie angejua angekuja hata kwa kutambaa. Kama Népo angejua, angeshuka. Nikauliza mi: "Kwa nini hakushuka mujini kuwatafuta watu wake?"

"Karangamuntu yake iliungua na nyumba. Bila kitambulisho jeshi lingesema ni wa musituni, na hawa wa musituni walisema akishuka ni mupelelezi. Na aliambiwa familia yake ilikwisha. Wote. Walimwambia kwamba watu wa kilima waliokimbilia shuleni waliuawa, hakubaki mutu."

"Na we ni nani kwake?" Hilo nalo niliuliza mi. Mutu mwingine angelificha, lakini mi domo langu ndilo hilo.

"Naitwa Béatrice. Kwetu ni kilima cha pili, nako kulichomwa. Nilimukuta humu. Yeye alikuwa na moto, mi nilikuwa na chumvi."

Nikamutazama Concilie nikisubiri amurukie. Haki ya Mungu, mi ningemurukia. Hasira ilikuwa imenipanda kwa niaba yake, hasira kwa maiti ambaye sikumujua, mutu analiliwa miaka minne Gasenyi kumbe anapikiwa musituni! Lakini Concilie alikuwa amesogea, amepiga goti, anamutazama mutoto. Kibinti, kama miezi kumi, meno mawili, kamasi, macho makubwa.

"Anaitwa nani?"

"Nyandwi."

Concilie akakaa chini.

"Ni mutoto wako wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama."

Mi ni wa mujini, lakini hata mi najua hilo. Warundi wana majina ya hesabu, na Nyandwi anaitwa mutoto wa saba. Huwezi kumwita hivyo wa kwanza wala wa tatu. Na Concilie amezaa sita, kuanzia Ingrid hadi kale kadogo kanakokuja sokoni kuniibia mandazi.

"Nilimukataza," Béatrice akasema haraka. "Nilimwambia hilo si jina la mutoto wa kwanza, watu watacheka. Akasema yeye anao sita mbele ya huyu. Nikamwambia lakini hao wamekufa. Akasema mutoto akisha kuzaliwa amehesabiwa, hafutwi."

Hapo ndipo Concilie alilia. Alilia bila sauti, mabega tu, rozari imekunjwa ndani ya ngumi. Béatrice naye akaanza, na mutoto akaona watu wanalia akajiunga. Nikabaki mi peke yangu na saa mukononi, nimechoka hadi kwenye mifupa, sijui nimufute nani kwanza.

Concilie alipopata sauti alisema, "Wako hai. Unanisikia? Wote sita wako Gasenyi. Wako hai." Béatrice akafunika uso kwa mikono miwili.

Saa tano na robo. Nikasema. Hakuna aliyenisikia. Concilie anamwambia Béatrice ashuke nasi, na Béatrice anatikisa kichwa: hana karangamuntu, ametoka musituni, watamuuliza nini na atajibu nini? Naye alikuwa na haki. Bonfils ameandika wawili. Halafu Concilie akawa anatazama mutoto tu, mutoto mugongoni, ambaye bariyeri haimuhesabu. Béatrice aliona hayo macho. Akashika fundo la kitenge chake kifuani kwa mikono yote miwili.

"Apana," Concilie akasema. "Sikunyang'anyi. Usiogope."

Akasimama. Akamwaga kikapu chake chote pale kwenye mizizi, ndizi zote, halafu akamwaga na changu. Zile ndizi za Révérien, za ukoo, za matanga. Akavua kitenge chake cha juu akamufunika mutoto. Nikatoa mandazi yangu, sikungoja kuambiwa, na bado nilikuwa na hasira, mujue.

"Ijumaa nitaleta dawa ya kikohozi," Concilie akamwambia. "Na chumvi. Nitakata mikungu mingine nivundike. Ukichukua, funika."

Tulishuka mbio. Mi, na haya magoti! Sikumbuki ile njia, nakumbuka maji ya kijito kwenye viatu na pumzi ya Concilie mbele yangu. Tulitokea bariyeri saa sita kasoro dakika nne. Wanajeshi walikuwa wamesimama tayari, wamefunga viatu.

"Vikapu vitupu?" Bonfils akauliza. "Ndizi ziko wapi?"

"Zimeoza," nikamwambia. "Andika wawili, mwanangu, tukapumzike."

Akaandika.

Nyumbani kwa Concilie, Révérien alikuwa amefika kutoka Kinama na mitungi mitano na mutumbwi wa muti wa kukamulia ndizi, ameazima kwa watu. Amepanga vyote uani, amefagia. Ingrid na wadogo zake walikuwa wamekaa ukutani wanangoja kazi. Aliona vikapu akasimama.

"Shemeji, ndizi?"

"Nimeziacha," Concilie akasema. "Népo alikufa, kaka. Mvua zilizopita. Homa. Nimeonyeshwa upande alipolala."

Ingrid akapiga yowe. Révérien yeye alikaa juu ya mutumbwi, akavua kofia, akaweka uso ndani yake. Miaka minne alikuwa anatuambia mutu amekufa, na siku aliyoambiwa amekufa kweli akalia kama hajawahi kulisema. Tukamuacha alie. Mi niliomba maji ya kunywa, hakuna aliyeyaleta, nikayachota mwenyewe.

Jua lilikuwa limeinama alipojifuta na kusema, "Basi sasa unajua. Tununue pombe. Jumamosi tuondoe matanga, apumzike, nawe upumzike."

"Jumamosi apana."

"Concilie! Sasa unangoja nini tena?"

"Mutoto mumoja hayupo."

Révérien akageuka ukutani, akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea. "Wote sita ndio hawa."

"Wa saba yuko musituni na mama yake. Népo mwenyewe alimwita Nyandwi. Mi siondoi matanga ya baba mutoto wake akiwa hayupo. Siku njia itakapofunguka ashuke kwa miguu yake, akae hapa na wenzake, ndipo tutakunywa."

Ingrid, ambaye harusi yake ilikuwa inangoja hiyo hiyo Jumamosi, alitazama chini. Révérien akanitazama mi, nikamwambia ndiyo, nimemuona, mi mwenyewe, kwa macho yangu.

Akazungusha kofia mikononi.

"Anafanana naye?" akauliza.

"Masikio," Concilie akasema.

Révérien akainuka, akaanza kuigeuza ile mitungi, mumoja baada ya mwingine, midomo chini.